Nigeria tuliyoionyeshwa na Mama G

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama filamu na muziki wa kigeni hubadilisha namna tunavyoiona nchi ya watu. Hubadilisha, tena pakubwa. Kwa sisi wa Nairobi, tazameni tu tunavyowachukulia Wanigeria.

Kizazi changu kimekulia kwenye filamu zao. Zilichezwa ndani ya mabasi ya masafa marefu, zikauzwa River Road, zikajaa kwenye runinga zetu. Mama mkwe katili tulimjua kwa sura ya mwigizaji Patience Ozokwor, yule Mama G, na tukaamini kwamba kila utajiri wa ghafla una kafara nyuma yake. Living in Bondage ya mwaka 1992, filamu iliyofungua njia kwa nyingine nyingi, inamhusu mume anayemtoa mkewe kafara ili apate mali.

Siwalaumu waliozitengeneza. Walikuwa wakionyana wenyewe kwa wenyewe kuhusu tamaa. Lakini mtazamaji wa Lagos akizima runinga ana shangazi, mwalimu na fundi wa kulinganisha na alichokiona. Wa Kayole, mtaa wa hapa Nairobi, hana. Kwake filamu ndiyo nchi yenyewe. Ndiyo maana Mnigeria akija kutafuta nyumba mtaani kwetu, msimamizi wa ploti humhoji maswali ambayo mimi sikuhojiwa, na majirani huanza kunong'onezana kuhusu gari lake kabla hawajajua anafanya kazi gani. Hilo linaniuma sana.

Na sisi tumetendewa vivyo hivyo. Out of Africa, filamu ya mwaka 1985 kuhusu Karen Blixen, Mzungu aliyekuwa na shamba la kahawa hapa Kenya, ilizoa tuzo 7 za Oscar, na mwaka uliofuata nyumba yake ikafunguliwa kuwa makumbusho. Hadi leo wapo wageni wanaotua hapa wakitarajia simba na mashamba ya kahawa ya Wazungu. Tunakasirika, na ni haki yetu.

Muziki umesaidia kiasi. Vijana wanaomshangilia Burna Boy, mwanamuziki wa Nigeria, wanaitamani Lagos. Ila video nyingi huonyesha magari na majumba, na aliyekuwa na shaka juu ya pesa hizo hubaki na shaka yake.

Ombi langu ni kwa vituo vya runinga vinavyonunua filamu hizi: waiteni Wanigeria wanaoishi hapa Nairobi, wafanyabiashara, wanafunzi, wachungaji, wajieleze kwa vinywa vyao. Nanyi wenye ploti, mkagueni mpangaji kitambulisho, mchukue diposti, mumpe ufunguo.