Mboga za kando ya barabara ya mgodi: kuosha kunatosha?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Bustani yetu ya mboga iko kama hatua 40 kutoka barabara ya vumbi wanakopita malori ya mgodi, usiku na mchana, yakibeba mbale (mawe ya madini) yenye risasi na zinki. Kiangazi majani yote hugeuka kijivu. Mume wangu anasema mvua ikinyesha inamaliza kila kitu. Mimi naosha mboga mara mbili. Mtoto wetu ana miaka 2 na hucheza humo humo bustanini. Je, kuosha kunatosha au tung'oe kila kitu?
Mama wa watoto wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msing'oe kitu kwanza. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu limekwama kwa huyo mtoto kuliko kwenye mboga. Nitaanza na mboga kwa kuwa ndizo ulizouliza.

Kuna metali iliyotua juu ya jani, na kuna iliyoingia ndani yake. Maji huondoa ile ya juu tu. Chuma jani moja lenye vinyweleo, lisugue ndani ya beseni jeupe lenye maji kidogo, kisha yaache yatulie kwa saa moja na uyamwage taratibu. Chini utakuta unga wa kijivu, na ukiupikicha kwa vidole unakwaruza. Nimefanya hivyo kazini mara nyingi sana, na jani la vinyweleo au la mikunjo hubeba vumbi zaidi ya jani linaloteleza. Kwa hiyo kuosha kwako si kazi bure. Risasi haipandi kwa urahisi kutoka mzizini hadi jani. Nyingi unayoikuta kwenye mboga za kando ya barabara kama hiyo ni vumbi lililotua. Endelea kuosha, tupa majani ya nje, na mazao ya mizizi yamenye.

Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, ina tabia tofauti. Kwa kawaida hukaa pamoja na zinki kwenye mbale, na mmea huinyonya kwa urahisi, hasa udongo ukiwa na tindikali. Hiyo hata uoshe kwa pipa zima haitoki. Ikishafika kwenye figo za mtu, huchukua miaka 10 hadi 30 kupungua kwa nusu. Chokaa hupunguza tindikali na mboji huishika metali, hivyo mmea hunyonya kidogo kuliko awali, ingawa metali yenyewe inabaki pale pale udongoni. Viwango vya Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi na 0.2 za kadimiamu kwa kilo ya mboga mbichi. Shika namba hizo, utazihitaji majibu ya maabara yakitoka.

Mume wako ana haki nusu. Mvua huliosha jani, ila kilichotoka kwenye jani kimeangukia udongo, na metali haiozi. Kila kiangazi kinaongeza juu ya kilichotangulia.

Kule Alaska, Marekani, uko mgodi wa zinki na risasi uitwao Red Dog, ulioanza kazi mwaka 1989. Malori yake husafiri takriban kilomita 84 hadi bandarini. Mwaka 2001 watafiti walipima kando ya barabara ile mimea midogo laini isiyo na mizizi halisi, inayotanda chini kama zulia na kujilisha kwa kinachotoka hewani. Risasi, zinki na kadimiamu zilikuwa nyingi kabisa ukingoni mwa barabara, zikipungua kadiri walivyosogea mbali. Malori yalikuwa yakifunikwa turubai. Baadaye yakawekewa vifuniko vigumu. Basi mkikutana na watu wa mgodi, ulizeni habari ya vifuniko na ya kuosha magurudumu kabla lori halijatoka. Wakiwaahidi kumwagia barabara maji tu, msiridhike: barabara ikikauka, vumbi linaamka tena.

Sasa mtoto. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watoto wasiopungua 400 walikufa kwa sumu ya risasi baada ya mbale ya dhahabu yenye risasi kusagwa majumbani. Kusaga mawe nyumbani si sawa na kukaa kando ya barabara, najua, lakini njia ni ile ile: vumbi, mkono, mdomo. Mtoe mtoto huyo bustanini leo. Apate mahali pa kuchezea upande wa pili wa nyumba, penye nyasi au pa kutandikwa kitu. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa kavu, viatu vibaki nje, na mikono ioshwe kabla ya kula. Nenda naye akapimwe risasi kwenye damu, na uombe itolewe mshipani, kwa sababu kidole chenye vumbi kinaweza kuharibu jibu. Likifika mikrogramu 5 kwa desilita, shirika hilo linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa.

Maabara wapelekee majani ya mmea mmoja, nusu yameoshwa, nusu hayakuguswa maji. Tofauti yake itakuonyesha kilicho juu na kilicho ndani. Udongo wa kitaluni uchimbe hadi sentimita 20, wa pale alipokuwa akicheza mtoto ukwangue sentimita 2 za juu tu. Tumia kijiko cha plastiki, maana koleo lililopakwa zinki litakudanganya. Majibu yakitoka nitumie, tuyasome pamoja kabla hamjang'oa chochote.