Anza na Kisichotengenezeka: Ushauri kwa Mnunuzi wa Bunduki Kuukuu ya Kijeshi

Watu wengi wanaotaka kununua bunduki iliyokwisha kutumika jeshini hukimbilia kutazama mambo mawili: mng'ao wa mbao, na namba zilizogongwa kwenye chuma, kama zinafanana kila mahali. Mimi nimenunua, nimetengeneza na kuuza bunduki za aina hiyo kwa muda mrefu, na utaratibu wangu ni kinyume cha huo. Naanza na vile ambavyo vikiharibika havitengenezeki kwa gharama ya kawaida, yaani mtutu na risiva, kile kiwiliwili cha chuma ambamo bolti, chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia kwa nyuma, huingia na kutoka, kisha ndipo nageukia mbao, skrubu, springi na vingine ambavyo fundi anaweza kuvibadilisha.

Suala la kibali sitalirefusha, kwa kuwa kila nchi ina sheria yake kuhusu nani anaruhusiwa kumiliki silaha, ya namna gani, na iandikishwe wapi. Limalizwe kabla ya kwenda kwa muuzaji, na namba iliyo kwenye karatasi ilinganishwe na ile iliyo kwenye risiva tarakimu kwa tarakimu, kwani tofauti ya tarakimu moja inatosha kukupeleka polisi kujieleza.

Ukikabidhiwa bunduki, elekeza mdomo wake mahali salama, fungua bolti, tazama chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, na magazini, kile kisanduku cha risasi, kisha pitisha kidole chembani uhakikishe kwamba hamna risasi. Muuzaji akikuambia kuwa amekwisha kukagua, mshukuru na ukague tena.

Baada ya hapo toa bolti nzima, weka tochi ndogo upande wa chemba na uchungulie kutoka mdomoni. Bunduki zilizolala ghalani kwa miaka mingi huwa zimejazwa grisi nzito ya kuzuia kutu, na grisi hiyo huufanya mtutu ulioliwa ufanane na mtutu mzima. Omba ruhusa ya kupitisha kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa, na muuzaji akikataa, uondoke. Unachotafuta ni mifereji ya msokoto iliyo ndani ya mtutu, na hasa ukali wa kingo zake. Risasi nyingi za kijeshi za nusu ya kwanza ya karne ya 20, na za Umoja wa Kisovieti kwa miaka mingi baadaye, zilikuwa na klorati ya potasiamu ndani ya fataki, kile kidude kidogo kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti. Fataki ikiungua, kemikali hiyo huacha mtutuni chumvi inayonyonya unyevu wa hewa, na askari ambaye hakuisafisha kwa maji mapema aliiachia kutu ianze kazi. Ndiyo maana ndani ya mitutu mingi ya Mosin-Nagant, bunduki ya Kirusi, huonekana kama ngozi ya mtu aliyewahi kuugua ndui. Mtutu mweusi wenye vishimo vidogo si wa kukataliwa papo hapo: kingo zikiwa bado kali, unaweza kupiga vizuri, japo utasumbua kusafisha. Ule ambao kingo zake zimelainika na kuviringika, mwachie mwenyewe.

Kuna dosari moja isiyo na mjadala. Zungusha bunduki polepole mbele ya mwanga huku ukichungulia. Ukiona pete nyeusi ndani, mahali ambapo mng'ao unakatika kisha unaendelea, hapo mtutu umevimba, aghalabu kwa sababu risasi ilifyatuliwa ikakuta kitu kimekwama mbele yake. Niliwahi kuoneshwa Mauser 98k ya Kijerumani iliyotiwa rangi upya kwa ustadi mkubwa, mbao zake zimesuguliwa na kupakwa mafuta, na pete ya namna hiyo ilikuwa sentimita chache tu kutoka mdomoni. Kwa macho, nje hapakuonekana kitu. Nilipopitisha vidole viwili juu ya chuma, taratibu, kuelekea mdomoni, vilipanda na kushuka kidogo mno, kiasi ambacho mtu asiyejua anatafuta nini asingekihisi. Niliirudisha mezani bila kuuliza bei.

Mdomo wenyewe nao unahitaji muda wako. Askari wengi walisafisha kutokea mdomoni kwa ufito wa chuma, na ufito ukisugua upande mmoja kwa miaka, humaliza kingo za mwisho, ambazo ndizo zinazoiongoza risasi inapouaga mtutu. Kipimo chake ni rahisi: chukua risasi ya bandia, isiyo na baruti wala fataki, uingize ncha yake mdomoni. Mdomo mzima utaizuia mapema na kuacha sehemu ya risasi ikionekana. Uliolika utaimeza mpaka shingo ya ganda, yaani kikombe kinachobeba baruti. Kipimo hiki hakifai kwa mtutu uliokerezwa. Karakana za Kisovieti zilikuwa zikitanua mdomo uliolika kwa ndani hadi kufikia kingo nzima, kwa hiyo ukichungulia utaona tundu pana lisilo na mifereji, kisha mifereji inaanza ndani zaidi. Wapo wanaozikimbia bunduki hizo. Mimi nazinunua, kwa sababu hayo ni matengenezo yaliyofanywa na watu waliojua kazi yao.

Jambo linaloweza kukuumiza mwili ni nafasi inayobaki kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi iliyokaa chembani. Ikizidi, ganda hutanuka hadi kupasuka, na gesi yenye mgandamizo mkubwa humrudia mpigaji usoni. Nafasi hiyo haipimwi kwa macho wala kwa kutikisa bolti, bali kwa geji za chuma zinazokwenda tatu tatu: ya kwanza bolti lazima ijifunge juu yake, ya pili haitakiwi ijifunge, na ya tatu, ambayo ni kikomo cha matumizi, bolti ikijifunga juu yake, bunduki hiyo haipigwi tena mpaka itengenezwe. Kila aina ya risasi ina geji zake, na kwa anayenunua bunduki moja tu ni afadhali kumlipa fundi wa silaha kuliko kununua seti nzima. Mashaka huongezeka bolti inapokuwa na namba tofauti na ya risiva, maana huwezi kujua kama viwili hivyo viliwahi kupimwa pamoja. Kwa Lee-Enfield Na. 4 ya Kiingereza kuna nafuu: kichwa cha bolti yake hufunguliwa, nacho kilitengenezwa kwa urefu mbalimbali uliopewa namba 0 hadi 3, hivyo nafasi iliyozidi kidogo huweza kurekebishwa kwa kufunga kichwa kirefu zaidi. Mauser haina nafuu hiyo.

Zipo pia bunduki ambazo ugonjwa wake uko kwenye chuma chenyewe, na hakuna geji itakayouonesha. Risiva za Springfield M1903 za Marekani zilizotoka kiwanda cha Springfield zikiwa na namba iliyo chini ya 800,000, na zile za Rock Island chini ya 285,507, zilichomwa bila joto kudhibitiwa sawasawa, na baadhi yake zilipasuka badala ya kupinda. Kwa maoni yangu hizo ni za kutundika ukutani tu. Lee-Enfield iliyogongwa herufi DP ilitengwa kwa ajili ya mafunzo ya gwaride, wala si ya kupigia risasi. Ross Mk III ya Kanada inapiga vizuri, lakini bolti yake inaweza kuunganishwa vibaya baada ya kufunguliwa, ikaonekana imejifunga kumbe haikujifunga, kwa hiyo mpelekee mjuzi aikague kwanza.

Wala usiliache jina la bunduki likuambie inatumia risasi gani. Israeli ilibadilisha Mauser nyingi kutoka risasi za milimita 7.92 kwenda 7.62, na Steyr M95 nyingi za Austria zilibadilishwa kutoka 8x50R kwenda 8x56R na kugongwa herufi S. Soma mihuri, na ukiwa na shaka mwambie fundi achukue vipimo vya chemba.

Sasa ndipo naomba bisibisi. Muuzaji akiruhusu mbao zifunguliwe, tazama upande wa chini wa mtutu, pale ambapo maji ya mvua huingia na mkono wenye kitambaa haufiki. Bunduki inayong'aa juu ya mbao huweza kuwa imeliwa na kutu chini yake, na mstari unaogawa sehemu hizo mbili huwa umenyooka kabisa. Kutu nyepesi ya juu juu husuguliwa. Mashimo ya kina karibu na chemba ni sababu ya kuachana nayo. Kwenye mbao zenyewe tafuta nyufa nyuma ya risiva na kwenye shingo ya kitako, maana huko ndiko teke la bunduki hupokelewa. Mikwaruzo, majina yaliyochongwa na madoa ya mafuta hayanisumbui hata kidogo. Ikiwa ni K31 ya Uswisi, fungua bamba la kitako kwa ajili ya udadisi tu, kwani mara nyingi ndani yake hukutwa karatasi yenye jina la askari aliyepewa.

Kuhusu namba, nitasema wazi kwamba zinahusu thamani kwa wakusanyaji kuliko ubora wa silaha. Karakana za Kisovieti zilipokarabati Mauser zilizotekwa, zilichanganya vipuri na kuchonga namba upya kwa kalamu ya umeme. Anayekuuzia bunduki kama hiyo kwa bei ya ile ambayo haijaguswa anakuibia, lakini bunduki yenyewe huenda ikawa nzima kabisa.

Mfumo wa kufyatulia hauchukui muda. Ukiwa na risasi ya bandia chembani, koki, funga kizuizi cha usalama, vuta kifyatulio, kiachie, kisha ondoa kizuizi: pini inayogonga fataki ikiruka wakati huo, bunduki inahitaji fundi. Kwa SKS, bunduki ya Kisovieti inayojipakia yenyewe, lipo la ziada. Pini yake haina springi katika nyingi zilizotengenezwa, na grisi ya ghalani ikiikwamisha mbele, bunduki inaweza kufyatua yenyewe bolti inapojifunga. Bolti yake ifunguliwe, ioshwe, kisha itikiswe mpaka pini isikike ikigonga huku na huku kwa uhuru.

Risasi ya kwanza isipigwe ikiwa begani. Ifunge bunduki kwenye kitegemeo imara katika uwanja wa shabaha, vuta kifyatulio kwa kamba ndefu, kisha okota ganda ulitazame kwenye mwanga. Pete inayong'aa juu kidogo ya kitako chake, ufa wowote, au fataki iliyosukumwa nje ya nafasi yake ni dalili kwamba ile nafasi ya bolti imezidi, na kazi ya siku hiyo iishie hapo. Ganda likiwa zima, rudia kwa risasi chache zaidi kabla ya kuiweka begani. Na kama risasi ulizotumia ni za zamani, pitisha maji ya moto mtutuni siku hiyo hiyo, ukaushe, kisha upake mafuta.