RAM Umeweka Nane, Kompyuta Inatumia Tatu

Mwaka 2017 nilimfuata muuzaji wa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, dukani kwake Kariakoo nikiwa nimevimba. Nilikuwa nimenunua kwake kipande cha GB 4, nikakiongeza kwenye kompyuta ya steshenari yangu iliyokuwa na GB 4 nyingine, nikitegemea foleni ya wanafunzi wanaochapa ripoti za fildi itapungua. Hakuna kilichobadilika. Ukifungua Word na kurasa tatu za intaneti, mashine inaganda vilevile. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause ili nione taarifa za mfumo. Imeandikwa: RAM iliyofungwa GB 8, inayotumika 3.24.

"Kaka, umeniuzia RAM feki," nikamwambia mbele ya wateja wake.

Hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Hiyo Windows uliyopiga ni ya biti ngapi, bosi?"

Sikujua. Aliyeipiga, yaani aliyeiweka kwenye mashine, ni fundi wa mtaani, na flashi yake ndiyo hiyohiyo anayopigia mtaa mzima. Nilipanda daladala kurudi nikiwa mdogo kama piritoni.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mashine yenyewe ilikuwa imeshanijibu, mimi ndiye sikusoma. RAM ingekuwa imekufa, isingeandika GB 8. Kompyuta ilikiona kipande, ikakihesabu, ila haikuweza kukitumia. Kuona ni jambo moja na kutumia ni lingine, na ukivichanganya utatoa RAM isiyo na kosa na kununua nyingine, tatizo likusubiri palepale.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniletea malalamiko ya namna hii, naanzia BIOS, ile programu ya mwanzo inayoamka kabla ya Windows. Washa mashine huku ukigonga F2, F10 au Delete, kutegemea aliyeitengeneza, kisha tafuta kiasi cha RAM. BIOS ikiona yote, weka bisibisi chini: kinachozuia ni Windows au mpangilio fulani. Ikiona nusu, achana na Windows kabisa, fungua kasha.

Kwangu BIOS iliona zote nane. Windows ilikuwa ya biti 32.

Nimeshamweleza mama mmoja mteja jambo hili kwa mfano wa posta, akalielewa kuliko mafundi wawili waliokuwa wamekaa pembeni. Huku kwetu barua haiji mlangoni, inakwenda kwenye sanduku lenye namba. Sasa chukua posta ambayo namba zake zina mwisho. Windows ya biti 32 ina namba 4,294,967,296 basi, na kila namba inabeba baiti moja. Hizo ndizo GB 4. Na RAM siyo peke yake inayotaka sanduku. Kadi ya picha, kadi ya mtandao, hata chipu ya BIOS, vyote vinahitaji namba ili prosesa, ubongo wa kompyuta, ivifikie, na vyenyewe hukatiwa nafasi kabla, kule juu karibu na mwisho wa orodha. Kwangu vilimeza robo tatu ya GB hivi, RAM ikabakiwa na 3.24. Zile GB 4 nilizoongeza zilikuwa mkazi asiye na S.L.P.: yupo mjini, barua haimfikii.

Usidhani mambo haya yaliisha na Windows 7. Windows 10 nayo ilitoka na toleo la biti 32 lenye mpaka uleule wa GB 4. Ni Windows 11 ndiyo iliyoachana nalo. Mashine za mtumba zinazoingia nchini bado zinakutana na zile flashi za zamani.

Mtandaoni utakuta viraka vya kuilazimisha biti 32 ivuke GB 4. Siyo uongo kwamba inawezekana, kwa sababu kuna Windows za seva za biti 32 zilizotumia RAM nyingi kuliko hiyo. Microsoft waliifunga kwenye kompyuta za kawaida kwa kuwa draiva nyingi, zile programu zinazoiunganisha Windows na vifaa, zilikuwa zinavurugika. Mashine ya kuchezea, jaribu. Mashine inayolipa kodi ya fremu, hapana.

Dawa ni kupiga Windows ya biti 64. Huwezi kupandisha kutoka 32 kwenda 64 huku vitu vyako vimekaa palepale. Ni kuanza upya, na kilichoko C kinafutika. Toa nakala kwanza. Kama Windows yako ina ufunguo halali, mara nyingi ufunguo huohuo unafanya kazi kwa matoleo yote mawili. Prosesa usiihofie sana: Core i3 na wenzake wote ni wa biti 64. Wenye mashaka ni wazee kama Pentium 4 za mwanzo na baadhi ya Atom.

Ila kuna kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Windows ya biti 64 inataka draiva za biti 64, na printa yangu ya zamani, ile iliyokuwa inachapa mialiko ya harusi, haikuwahi kutengenezewa. Nilimaliza kupiga Windows saa nne usiku, nikawa na GB zote nane na printa iliyogeuka sanduku la plastiki. Asubuhi wateja mlangoni. Ilibidi niiazime kompyuta ya shemeji wiki nzima. Kwa hiyo kabla hujafuta chochote, tafuta draiva za kila kifaa unachokitegemea uziweke kwenye flashi. Ukizikosa, na mashine ina GB 4 tu, kaa na biti 32 yako. Chini ya GB moja unayoikosa haifai kukufungia duka.

Je, kama tayari uko biti 64 na bado RAM inapotea? Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye "Performance", kisha "Memory", usome pale chini palipoandikwa "Hardware reserved". Ikiwa ni megabaiti mia moja au mia mbili, kunywa chai, ni kawaida. Laptopu ya mpwa wangu ilikuwa na GB 8 na hapo pakasoma zaidi ya GB 2. Prosesa yake ni ya AMD yenye sehemu ya picha ndani, haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM. Kwenye BIOS za mashine nyingine unaweza kupunguza mkopo huo hadi MB 512. Dogo anacheza gemu, akakataa nisiguse, na alikuwa na haki.

Mtego mwingine uko kwenye msconfig, programu ndogo ya kupanga Windows inavyowaka, sehemu ya Boot, ndani ya "Advanced options". Kuna kisanduku cha "Maximum memory". Video nyingi za kuongeza kasi ya kompyuta zinakwambia ukitiki uandike RAM yako yote. Kisanduku hicho hakiongezi kitu, kinaweka kikomo! Ondoa tiki, zima, washa. Nimeshawahi kurudisha GB 2 kwa kazi ya dakika moja, nikaona haya hata kudai hela.

Ukikwama kwenye GB 3 na kitu ukiwa biti 64, tafuta kwenye BIOS mpangilio wa "memory remap", unaoipa RAM iliyokosa nafasi namba za juu zaidi, uuwashe. Baadhi ya mashine hazina, mfano zile zenye chipu za Intel za familia ya 945 za miaka ya 2005 na 2006. Humo hata ukiweka GB 4 na Windows ya biti 64, utaishia kwenye 3 na kidogo. Na Windows 7 zina viwango vyake: Home Basic ya biti 64 inaishia GB 8, Home Premium GB 16.

BIOS ikiona nusu, chomoa umeme, toa vipande, sugua meno ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, rudisha mpaka ulimi wa sloti ulie. Kisha jaribu kipande kimoja kimoja, sloti moja moja. Kipande kikigoma kote, hapo sasa rudi Kariakoo. Sloti ikigoma vipande vyote, muulize fundi kama juzi alitoa prosesa kupaka pesti ya kupoza joto, maana pini moja iliyopinda pale chini inatosha kuua sloti nzima. Kompyuta yangu ya pili iko hivyo mpaka leo: sloti moja imekufa, nyingine nimeijaza kipande kimoja cha GB 8, na inachapa.