Jibu: Kwa nini mtoto mchanga achomwe pajani, si takoni?

Mdogo wangu, mkufunzi wako yuko sahihi kukukataza kumchoma mtoto mchanga sindano takoni. Kwa mtoto wa wiki 6 anayekuja kupata chanjo ya penta (inayokinga magonjwa matano kwa pamoja), msuli wa tako bado ni mdogo, na neva ya siyatiki, ile neva kubwa inayoshuka hadi mguuni, inapita humo humo. Ukiijeruhi, mguu unaweza kupooza. Nimewaona watoto wanaochechemea kwa sababu hiyo tu, na inaniuma sana.

Pajani kuna vastasi lateralisi, msuli mnene wa upande wa nje. Gawanya urefu wa kutoka nyonga hadi goti katika sehemu 3 sawa, uchome sehemu ya kati, nje kuelekea mbele, sindano ikiwa nyuzi 90. Ndani ya paja usiguse, kuna mishipa mikubwa ya damu. Na papasa kwa vidole kwanza. Usikadirie kwa macho.