Gadi uliyemwona na gadi unayemuota

Kwenye daftari langu la msimu wa 2013 kuna ukurasa unaonitia aibu mpaka leo. Ilikuwa saa nane usiku kwa saa zetu, kuamkia Oktoba 31, nyumba nzima imelala, nami nimepunguza sauti ya runinga mpaka mwisho. Kwenye NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, Philadelphia walikuwa wanacheza na Miami, mabingwa watetezi, LeBron James akiwa uwanjani. Gadi mgeni wa ligi (gadi ndiye anayeendesha mpira kutoka nyuma), Michael Carter-Williams, kwenye mechi yake ya kwanza kabisa NBA, akaondoka na pointi 22, asisti 12 (pasi za kufungisha), ribaundi 7 (mipira aliyodaka baada ya mtupo kukosa) na mipira 9 aliyopora. Philadelphia wakashinda 114 kwa 110. Nikaandika: "Huyu ndiye." Nikapiga mstari chini, mara mbili.

Msimu ulipokwisha alikuwa na wastani wa pointi 16.7, na ribaundi na asisti zaidi ya 6 kila moja. Kabla yake, wageni wa ligi waliowahi kufika hapo walikuwa magwiji Oscar Robertson na Magic Johnson. Akapewa tuzo ya mchezaji bora chipukizi. Halafu Februari 2015 Philadelphia wakamuuza. Hawakupewa mchezaji hata mmoja. Walichopata ni haki ya kuchagua kijana kwenye drafti ya siku zijazo (drafti ni zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu), kijana ambaye hata jina lake hakuna aliyelijua. Kijiweni niliwaita wendawazimu, nikaweka dau la sahani ya biriani kwamba watajuta. Biriani ile niliilipa mimi.

Nawaandikia nyie mnaoanza kuchambua kikapu, kwa sababu kila ikikaribia Juni, mwezi wa drafti, mnaniuliza swali lile lile: timu ina gadi kijana wa miaka 20 au 21, na kwenye drafti wanakuja magadi wengine wanaosifiwa, abaki huyu au aletwe yule? Sina kanuni ya kuwapa. Nina makosa yangu tu, na naona ni bora myasome kuliko kuyarudia.

Kosa la kwanza ni kusoma jumla. Mwenye genge anajua kwamba mauzo ya siku si faida. Carter-Williams alikuwa na mauzo makubwa. Philadelphia ya msimu ule ilishinda mechi 19 na kufungwa 63, ikapigwa mara 26 mfululizo, na iliongoza ligi nzima kwa kasi ya kukimbia. Timu inayokimbia hivyo inapata mashambulizi mengi kila mechi, na kila shambulizi lazima mtu alimalize. Yeye ndiye aliyekuwa na mpira. Ukitaka faida, angalia mitupo: alikuwa akiingiza takriban asilimia 40 ya mitupo yake yote, na ya pointi tatu asilimia 26 tu. Kibaya zaidi, hapakuwa na jipya katika hilo. Alipokuwa chuoni Syracuse mtupo wake wa mbali ulikuwa unayumba vilevile, na alianza NBA akiwa ametimiza miaka 22 wiki tatu tu kabla. Mimi sikuangalia hata kimoja kati ya hivyo. Nilikuwa nahesabu mipira aliyopora.

Sasa njooni Denver, maana hapa ndipo somo lilipo.

Mwaka 2015 Denver walimchukua Emmanuel Mudiay kwa chaguo la 7. Mzaliwa wa Kinshasa, vita viliifukuza familia yake, akakulia Texas, akaruka chuo na kwenda kucheza China kabla ya kuingia NBA. Nakiri nilimpenda kabla sijamwona akicheza. Mtoto wa Kongo anayeleta mpira NBA, nani asingempenda? Kifua kipana, futi 6 na inchi 5, anaona pasi ambazo wenzake hawazioni. Msimu wa kwanza alifunga wastani wa pointi 12.8 na asisti 5.5. Mwaka uliofuata Denver walikuwa tena na chaguo la 7, na mezani alikuwepo Jamal Murray wa Kentucky, Mkanada, mdogo kwa Mudiay kwa karibu mwaka mmoja. Wengi tulisema hawahitaji gadi mwingine. Wakamchukua.

Chukueni kalamu mfanye kile ambacho sikukifanya wakati ule. Msimu wa kwanza wa Murray: pointi 9.9. Wa Mudiay: 12.8. Ukisimama hapo, Mudiay kashinda. Shuka chini kidogo. Mudiay aliingiza asilimia 36 ya mitupo yake yote, yaani karibu mara mbili kati ya kila tatu alizotupa, Denver walirudi kukaba mikono mitupu. Halafu shuka tena, mpaka kwenye mitupo huru, ile ya kusimama mstarini bila mtu mbele yako. Mudiay alikuwa asilimia 67. Murray alikuwa 88.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo ningewaomba muiandike pembeni ya daftari kwa wino mwekundu. Mtupo huru hauna beki wala kasi ya timu, hauna kisingizio cha kocha mbovu. Ni mkono na ringi tu. Kijana anayeingiza 88 mstarini lakini anakosa za mbali, mara nyingi tatizo lake ni miguu kuchoka au kuchagua mitupo mibaya, na hayo yanarekebishika. Mwenye 67 mstarini na 32 kwa mbali, mkono wenyewe ndio unahitaji kazi, na kazi ya mkono huchukua miaka. Nasema mara nyingi, sisemi siku zote. Wapo waliojenga mtupo ukubwani, ila msiwape thamani hiyo kabla hawajaujenga.

Msimu wa pili Mudiay alipoteza nafasi yake kwa mkongwe Jameer Nelson, na Februari 2018 akapelekwa New York. Murray alinyanyua kombe na Nikola Jokić mwaka 2023.

Msije mkadhani nasema kijana anayekuja daima ni bora. Hapana, na Watanzania tunalijua hili kwa uchungu. Drafti ya 2009, Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam alichukuliwa wa pili na Memphis. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba, Stephen Curry. Hao wawili ndio waliokuja kuwa nyota. Siku ile tulisherehekea, na tulikuwa na haki ya kusherehekea. Lakini Memphis walikuwa wananunua kwenye ukungu: urefu unauona, mipira aliyozuia chuoni unaihesabu, ila jinsi atakavyotembea mbele ya wanaume wa NBA hujui. Kijana wa drafti umemwona mechi thelathini na kitu za chuo, nyingine dhidi ya wavulana ambao leo wanauza bima. Gadi uliyenaye umemwona mechi 70 au 80 dhidi ya watu wazima. Kasoro zake unazijua kwa majina. Kasoro za yule mwingine bado hazijapata nafasi ya kuonekana, na sisi mashabiki tunapenda kumhesabia hilo kuwa ni ubora.

Kwa hiyo mtu aliyekwisha kuonekana anaweza kuuzwa rahisi kupita kiasi. Mfano mkubwa kuliko yote ni Shai Gilgeous-Alexander. Chaguo la 11 mwaka 2018, msimu wake wa kwanza na Clippers ya Los Angeles alifunga wastani wa pointi 10.8 tu. Msoma jumla angempita njiani bila kumsalimia. Lakini alikuwa na miaka 20, kwenye timu iliyofika mchujo, anaingiza karibu asilimia 48 ya mitupo yake, mitupo huru asilimia 80, na ukimtazama akiingia ndani utaona hana haraka: anapunguza mwendo, beki anapita, yeye anabaki na nafasi. Julai 2019 alipelekwa Oklahoma City kwenye biashara iliyompeleka nyota Paul George Clippers, pamoja na rundo la chaguo za drafti. Wengi tulizungumzia zile chaguo, yeye tukamtaja kama nyongeza. Mwaka 2025 alikuwa mchezaji bora wa ligi na bingwa. Tena mmoja wa waliopatikana kwa zile chaguo, Jalen Williams, alikuwa pembeni yake.

Kuna la mkataba, nalipitia kwa haraka. Kijana wa raundi ya kwanza anakuja na miaka minne ya bei nafuu, miwili ya mwisho timu ikiwa na hiari. Gadi wako wa msimu wa pili kabakiza miwili, na baada ya hapo atataka pesa za kweli. Kwa hiyo wawili wenye uwezo sawa hawana thamani sawa. Swali ambalo mabosi wanajiuliza kimoyomoyo ni kama wako tayari kumlipa huyu kama nyota. Wakisita, hiyo ndiyo sababu anauzwa mapema, kabla ulimwengu haujasita pamoja nao. Philadelphia walimuuza Carter-Williams akiwa bado na tuzo mkononi.

Na muwe na subira na kile wanachopewa. Chaguo walilopata kwa Carter-Williams lilikuwa la Lakers, timu nyingine ya Los Angeles, nalo lilikuwa na kinga: Lakers wakiangukia nafasi za juu kabisa, linabaki kwao. Wakaangukia. Mwaka 2015 wakachagua wa pili, 2016 wa pili, 2017 wa pili tena. Kila Juni nilikuwa naamka usiku kucheki, na kila Juni rafiki yangu wa biriani alikuwa ananunia simu. Likafika Philadelphia mwaka 2018 tu, la 10, wakamchagua Mikal Bridges, kijana wa palepale ambaye mama yake alikuwa anafanya kazi kwenye kampuni inayoimiliki timu. Mama akahojiwa, akafurahi mbele ya kamera. Muda mfupi baadaye, usiku uleule, wakambadilisha na Phoenix.