Friji ya zamani "imeishiwa gesi"

SWALI: Fundi, nimenunua nyumba ya zamani hapa Ohio. Chini nimekuta friji ya General Electric, ile yenye ngoma juu ya kabati. Inaunguruma lakini haigandishi. Fundi wa hapa anasema gesi ya miaka 90 lazima imekwisha, anataka kutia R-134a, gesi ya friji za kisasa. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu. Gesi ya friji haitumiki ikaisha. Inachemka ndani ikifyonza joto, kompresa inaikandamiza, inapoa na kuwa kimiminika tena, mzunguko unaanza upya. Ikipungua, imevuja, na tundu lipo mahali. Kuongeza gesi bila kulitafuta ni kujaza ndoo iliyotoboka, kisha kumtoza mwenye ndoo.

Hiyo yako ni Monitor Top, iliyotoka 1927. Friji nyingi za kabla yake ziliendeshwa kwa mkanda, na shafti ilipotokeza nje ndipo gesi ilipopenya. Christian Steenstrup, mhandisi wa General Electric, akafungia mota na kompresa pamoja ndani ya chuma. Ndiyo maana bado inaunguruma.

Soma kibati chake. Kama gesi yake ni dioksidi ya salfa, ingevuja usingehitaji kuniandikia: inachoma pua na koo, ungekimbia nyumba. Matoleo ya baadaye yana gesi nyingine, methyl formate, na hiyo ni hila: upande wa baridi shinikizo lake liko chini ya lile la hewa, hivyo tundu huvuta hewa ndani badala ya kutoa harufu. Tena inashika moto. R-134a ina shinikizo kubwa kuliko zote mbili, na haichanganyiki na mafuta ya madini yaliyomo. Atakuulia kompresa.

Kabla ya kulaumu gesi, anza na mpira wa mlango. Bana karatasi, funga, vuta. Ikiteleza, mpira umekufa na joto linaingia.

"Tia yoyote, gesi ni gesi" ni maneno ninayoyasikia kila siku, na yanakera. Mwaka 1929 watu walikufa Chicago kwa methyl chloride, gesi ya friji yenye sumu, iliyovuja kwenye friji za majumbani. Harufu yake ni hafifu, tamu. Mkemia Thomas Midgley na wenzake wakaleta Freon, gesi isiyo na sumu wala moto, na tangu hapo mafundi wengi wakajizoesha kufungua mifumo kiholela. Sasa friji mpya nyingi zina R-600a, gesi inayolipuka, na bado nawaona wakichomelea mabomba bila kuitoa kwanza. Anayesema "tunaongeza kidogo tu", mwambie akuonyeshe tundu kabla hujatoa hela.