Mzizi wa Likorisi: Dawa ya Koo Inayohitaji Kipimo

Kwa mwalimu anayezungumza darasani tangu asubuhi, koo ni chombo cha kazi, na ndiyo sababu mzizi wa likorisi haukosekani nyumbani kwangu Mombasa. Wapo wanaoujua kwa jina la urukususu, na katika maduka ya Wahindi ukiulizia jethimadh au mulethi utapewa huo huo. Nimeutumia kwa miaka mingi na nimeona jinsi unavyolainisha koo lililokauka. Ninachosikitikia ni kuusikia ukisifiwa kama kinywaji ambacho mtu anaweza kujinywea apendavyo, asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi, bila kuambiwa neno lolote kuhusu presha.

Utamu wake unatokana na kemikali iitwayo glisirizini, ambayo ni tamu kuliko sukari mara 30 hadi 50, na hiyo hiyo ndiyo yenye madhara. Ndani ya figo kuna kimeng'enya kinachoidhibiti homoni ya kotisoli isifanye kazi ya aldosteroni, yaani homoni inayouamuru mwili kuhifadhi chumvi. Glisirizini ikishavunjwavunjwa matumboni hukizuia kimeng'enya hicho, na hapo figo huanza kubakiza chumvi na maji huku zikiitoa potasiamu kwenye mkojo. Presha hupanda, miguu huvimba, misuli hulegea, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika, jambo linaloweza kuua.

Niliyaona haya kwa mama yangu mdogo, ambaye alikuwa akitumia hidroklorothiazidi kwa ajili ya presha. Ghafla vidonge vikawa kama havifanyi kazi, na ngazi za nyumbani kwake zikawa zinamshinda kwa sababu mapaja yalikuwa hayana nguvu. Daktari alipomuuliza anatumia nini kingine, alijibu, "Sinywi dawa nyingine, daktari, ila ule mti wa koo tu." Vipimo vya damu vilionyesha potasiamu iko chini. Dawa yake ya presha nayo hupunguza potasiamu, kwa hiyo mti na kidonge vilikuwa vikivutia upande mmoja. Aliambiwa auache, akaongezewa potasiamu, na ilichukua wiki kadhaa presha yake kutulia, kwani athari za likorisi haziishi siku ile mtu anapoacha.

Mimi hununua mzizi mzima badala ya unga, kwa kuwa unga huwezi kujua umechanganywa na nini. Kijiti kizuri kina ganda la kahawia lenye mikunjo, na ukikivunja ndani utaona nyuzi za rangi ya manjano. Ukikitafuna, utamu huja taratibu na kukaa ulimini kwa muda mrefu. Miongozo ya Ulaya inataja gramu 1.5 hadi 2 kwa kikombe cha maji ya moto, kwa muda usiozidi wiki 4. Mzizi wenye glisirizini ya asilimia 4, kiwango ambacho mizizi mingi hukipita, una miligramu 80 katika gramu 2, ilhali wanasayansi walioishauri Tume ya Ulaya walipendekeza mtu asizidishe miligramu 100 kwa siku. Ndiyo maana nikiwa na koo bovu hunywa kikombe kimoja kwa siku, kwa siku chache, kisha huacha. Mizani ndogo ya jikoni inatosha kupimia.

Wengi huuliza kuhusu vidonda vya tumbo. Msingi upo: mwaka 1946 daktari wa Uholanzi, Revers, aliandika kwamba wagonjwa wake walipata nafuu kwa likorisi, ila takriban mmoja kati ya watano alivimba mwili. Leo tunajua kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria wa H. pylori, ambaye huhitaji antibayotiki, hivyo nenda kapimwe kwanza. Kwa anayetaka likorisi kwa ajili ya tumbo, kuna vidonge vilivyoondolewa glisirizini, vyenye herufi DGL kwenye chupa, na hivyo ni salama zaidi.

Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa figo asiuguse mzizi huu. Vivyo hivyo anayetumia furosemaidi (dawa ya kuongeza mkojo), digoksini (ya moyo), prednisoloni (ya steroidi) au wafarini (ya kuzuia damu kuganda). Wajawazito nao waepuke. Nchini Finland, ambako peremende za likorisi hupendwa mno, wanashauriwa hivyo rasmi. Chunguza pia pakiti za chai za mitishamba, hasa zile za kikohozi na za kupunguza uzito, kwa sababu likorisi hutiwa humo ili kuleta utamu, na jina lake huandikwa kwa herufi ndogo katikati ya orodha ndefu. Ukienda kliniki ya presha, beba pakiti yenyewe umwonyeshe daktari.